Wageni wa Uani Usiku

Kaeni, wapendwa. Ninyi wa viti vya nyuma sogeeni mbele kidogo, nafasi ipo, na leo sitaki kupaza sauti. Nina habari ya mzee mmoja aliyekimbiwa na usingizi. Nitamwita Togolani. Jina hilo nimempa mimi, kwa hiyo asiwepo wa kugeuka kumtazama jirani yake. Kama lazima umtazame mtu, anza na wewe mwenyewe.

Togolani huyu alifanya kazi miaka mingi kwenye mtambo wa mkonge, kule tambarare, shifti ya usiku. Wenzake wanakoroma, yeye amesimama mbele ya mashine inayonguruma. Alipostaafu akarudi kwao mlimani, kwenye kiwanja cha marehemu baba yake, akadhani sasa atalala. Mwili ukakataa. Mwili uliozoea kukesha huwezi kuuambia "umestaafu" ukakuelewa. Basi usiku ukiingia anageuka huku, anageuka kule, kitanda kinalia, mkewe Niwaeli anamwambia, "Baba Nakundwa, kama hulali niache nilale mimi." Mwishowe anainuka, anajifunga shuka begani, anaenda jikoni, anawasha taa, anakaa kwenye kigoda karibu na dirisha linalotazama uani.

Mmewahi kukesha, ninyi? Sisemi mkesha wa hapa kanisani, wenye nyimbo na chai ya tangawizi. Nasema kukesha peke yako, hakuna mgonjwa, hakuna msiba, ila moyo unazunguka ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mnajua wenyewe hali ile. Unasikia kila kitu. Bati likinyoosha mgongo unasikia. Tone la bomba unasikia.

Usiku mmoja akasikia pipa la taka limeanguka, gwaa! Akachungulia. Mwanga wa taa ya jikoni ulimwagika uani hatua chache tu, na katika mwanga ule kulikuwa na paka. Shume mkubwa asiye na mwenyewe, sikio moja limekatika, kichwa kinene kama ngumi ya mwashi. Alikuwa anachambua maganda ya ndizi kama mtu aliyetumwa. Akainua kichwa, wakatazamana, akaendelea na kazi yake.

Togolani akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi.

Kesho yake akamngoja. Akamwekea vichwa vya dagaa kwenye mfuniko wa sufuria, na shume akaja, na baada ya siku kadhaa hakuja peke yake. Alikuja paka jike mwenye mabaka, tumbo limening'inia, ana mimba yule. Alikuja kijana wa kijivu, mwembamba, anayekula huku anatetemeka na kutazama nyuma. Halafu wakaanza kuja wasio paka. Kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba, akawa anapita chini ya uzio anakoroma puani. Kanu, mnyama wa porini mwenye madoadoa na mkia mrefu wa pete pete, akawa anashuka kutoka juu ya paa, hujui ameshukia wapi. Na juu ya mparachichi komba analia kama mtoto mchanga aliyenyimwa ziwa.

Mzee yule akawajua wote. Akawajua mpaka ikawa hahitaji macho. Shume akiruka kutoka ukutani hutua kwa kishindo, puu, kama gunia. Jike hutua mara mbili, mbele kwanza, nyuma baadaye, kwa sababu ya tumbo. Kanu hana sauti kabisa, ila bati la bafu hulalamika kidogo anapolikanyaga. Niwaeli akishtuka chumbani na kuuliza, "Nini hicho?" mumewe anajibu bila hata kuinuka kwenye kigoda: "Kanu huyo. Lala."

Sasa nisikilizeni vizuri. Uani ule haukuwa wake peke yake.

Ng'ambo ya uani ilikuwepo nyumba ya mdogo wake, Eliamani. Baba yao aliwagawia kiwanja kimoja, wakajenga nyumba zikapeana migongo, katikati uani mmoja, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo. Watoto wa tumbo moja, wamenyonya ziwa moja. Na walikuwa hawasemezani.

Kisa? Mama yao alifariki wakati wa masika. Togolani akapigiwa simu akiwa bado kule mtamboni, akapanda basi, basi likakwama njiani kwenye tope. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshafunikwa na mashada yako juu. Akasimama pale na begi lake mkononi, mbele ya watu wote.

"Umemzika mama yangu bila mimi," alimwambia mdogo wake.

"Kaka, tulikungoja. Maji yalikuwa yanaingia kaburini. Vijana walikuwa wanayachota kwa ndoo."

"Mngeyachota mpaka nifike."

Hapo ndipo kamba ilipokatika. Wazee wakaja kusuluhisha, wakanywa chai, wakaondoka. Wake zao waliendelea kuombana chumvi, lakini wanaume wale wakawa wakikutana bombani kila mmoja anatazama ndoo yake. Mnawajua watu wa namna hiyo? Wengine wanapokea meza ya Bwana kwenye mstari mmoja, wamepiga magoti bega kwa bega, na hawajasalimiana tangu mwaka juzi.

Basi katika kukesha kwake, Togolani akagundua jambo. Dirisha la ng'ambo nalo lilikuwa na taa. Usiku wa kwanza akadhani mdogo wake ameamka kwenda haja. Usiku wa pili taa ile ile. Wa tatu vivyo hivyo, na nyuma ya pazia kivuli cha mtu aliyekaa wima. Kuanzia hapo hata paka hawakumtuliza tena. Anawatazama, lakini jicho linaruka ng'ambo. Anakaa, anasimama, anasogeza kigoda, anakirudisha.

"Ananipeleleza," alimwambia mkewe asubuhi.

"Nani?"

"Mdogo wangu. Usiku kucha amekaa dirishani anatazama huku."

Niwaeli alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso. "Na wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Akatoka nje. Lakini hakuiacha ile fikra. Fikra ya namna ile, wapendwa, ukiilisha haishibi. Mvua ya usiku ilipokuja, yule paka jike, ambaye alishazaa kwenye kuni za Togolani, akawabeba watoto wake mmoja mmoja kwa meno, akavuka uani, akawapeleka kwenye kibaraza cha Eliamani palipokuwa pakavu. Togolani akauona mlango wa ng'ambo unafunguka, mkono unatoa bakuli. Mzee mzima akaumia! Akasema, "Hata paka wangu anawachukua." Alisikia na kikohozi, kikohozi kizito cha mtu anayetafuta hewa, kila usiku kikirefuka. Akasema, "Anajikohoza makusudi, nijue yuko macho."

Mkewe akamwambia tena, safari hii kwa upole. "Baba Nakundwa, shemeji amekonda. Na mkewe, Mama Elisante, amesafiri, binti yao amejifungua Arusha. Yule mtu yuko peke yake. Nenda hata ukamwambie habari za asubuhi."

"Yeye ndiye mdogo," akajibu. "Yeye aje."

Ikafika usiku ninaotaka kuwaambia. Baridi ya kipupwe, hakuna mwezi. Togolani yuko kwenye kigoda chake. Paka wanakula kwenye mfuniko. Taa ya ng'ambo inawaka, lakini kivuli hakipo dirishani. Akasikia mlango wa nyuma wa mdogo wake umefunguka, halafu kimya. Kisha, kutoka kando ya bafu, pale ambapo mwanga wa taa haufiki, kitu kikagonga bati.

Ko. Ko. Ko.

Paka wote wakainua vichwa. Shume akaacha chakula akakimbia. Togolani akasimama. Akaenda mpaka mlangoni, akashika komeo, likamwuma baridi kiganjani.

Ko. Ko.

Akaliachia komeo. Akarudi. Akakaa. Na akasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemwuliza, "Paka hao."

Kikagonga tena kidogo, polepole. Halafu kikanyamaza.

Alfajiri Niwaeli alitoka na fagio, na mara Togolani akasikia ukelele uliomtoa kwenye kigoda. Eliamani alikuwa amelala kando ya bafu, mgongo kwenye ukuta, miguu tupu kwenye tope, fimbo yake ya kutembelea bado iko mkononi. Midomo imekuwa ya kijivu. Lakini alikuwa anahema. Niwaeli akavua kitenge chake akamfunika, akaita majirani, pikapu ikapatikana, wakambeba mpaka hospitali. Kabla hajapanda, mama yule alimgeukia mumewe.

"Wewe hulali. Hukusikia chochote?"

"Nilisikia paka," akasema.

Mchana alikwenda wodini. Wakamwonyesha kitanda. Mdogo wake ameegemezwa kwenye mito mingi, mpira wa hewa puani, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Togolani akasimama mguuni pa kitanda, hajui mikono aiweke wapi.

"Kaka," Eliamani akasema. "Umekuja."

"Nimekuja."

"Kaa."

Akakaa ukingoni mwa kiti.

"Moyo umejaa maji," Eliamani akasema, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Nikilala chali pumzi inakata. Ndiyo maana nakaa dirishani usiku. Mama Elisante alipoondoka niliogopa sana. Lakini nikiona taa yako inawaka, nasema, aa, kaka yuko macho. Basi woga unapungua."

Mnamwona Togolani pale kitini? Taa ile ile! Huyu kwake ilikuwa upelelezi. Yule kwake ilikuwa dawa.

"Kwa nini hukuniambia kwamba unaumwa?"

"Ningekuambia kwa mdomo upi, kaka?"

 Muuguzi akapita na kigari cha dawa. Kisha Eliamani akasema, bila ukali wowote, "Jana usiku sikuwa na pumzi ya kuita. Nilipiga bati."

"Nilisikia kitu," Togolani akajibu haraka. "Nikadhani ni paka."

Eliamani akamtazama kitambo kirefu. Akasema polepole, "Wale paka. Wana fujo sana." Akafumba macho.

Wapendwa, naomba nisimame hapa kidogo.

Mzee yule alikuwa anajua shume anavyotua na jike anavyotua. Alimjua kanu, mnyama asiye na sauti, kwa manung'uniko ya bati. Aliweza kumtaja kalunguyeye akiwa amefumba macho. Sasa niambieni ninyi: mtu wa namna hiyo atashindwa kutofautisha paka na mkono wa binadamu? Paka gani anapiga bati mara tatu, ananyamaza, anangoja, anapiga tena? Ni nani mwingine duniani anayegonga akangoja kujibiwa, kama si mtu?

Alijua. Tangu pigo la kwanza alijua. Na mgonjwa pale kitandani alijua kwamba anajua, na kwa huruma yake akampa mlango wa kutokea: wana fujo sana.

Togolani akarudi nyumbani na mlango ule wa kutokea. Angeweza kuutumia maisha yake yote. Nani angemhukumu? Usiku hakukaa dirishani. Hakuwasha taa. Alikaa gizani ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti, mguu mmoja unacheza bila yeye kuutuma. Uani paka walikuwa wamekuja, hawakukuta chakula, wakaanza kulia.

"Paka wako wanakuita," Niwaeli akasema gizani.

"Nawasikia."

"Najua unawasikia," akasema mkewe. "Wewe unasikia kila kitu."

 Aligeukia ukutani. Lakini mwenzenu usiku ule aliona usiku wote wa mtamboni ulikuwa mfupi.

Kulipokucha hakunywa hata chai. Alitangulia kufika hospitali kabla ya saa za kuona wagonjwa, askari wa getini akamzuia, akasimama pale kwenye baridi akishika nondo za geti kama mfungwa. Alipofunguliwa alikwenda moja kwa moja. Hakukaa.

"Eliamani. Hawakuwa paka."

Mdogo wake akafumbua macho.

"Nilijua ni wewe. Nilishika komeo nikaliachia. Nilisema moyoni, na yeye angoje, aone kungojeshwa kulivyo. Mimi hamkuningoja kwa mama." Akashika chuma cha kitanda. "Nilikaa pale nikakusikia mpaka uliponyamaza."

Hewa ikapita kwenye mpira, ikapita tena.

"Najua, kaka," Eliamani akasema.

"Umejuaje?"

"Nilikuwa gizani, lakini dirisha lako lilikuwa na mwanga. Nilikuona umesimama. Nikasema, anakuja." Akapumzika. "Halafu nikakuona umekaa. Ndipo nikaacha kupiga."

Togolani akapiga magoti pale sakafuni, mtu mzima na mvi zake, kati ya vitanda vya watu asiowajua. Alilia kilio ambacho hakukilia kaburini kwa mama yao. Wagonjwa wengine wakageuza nyuso kumpa faragha. Na Eliamani akamwacha alie. Hakumwambia nyamaza, hakumwambia si kitu. Ilikuwa kitu. Alipoona amechoka, akanyoosha kidole kwenye kabati.

"Uji wa shemeji uko kwenye ile chupa," akasema. "Mkono wangu hauna nguvu ya kijiko."

Kaka akamnywesha mdogo wake uji. Ulimwagika kidevuni akaupangusa kwa kiganja chake.

Sitawadanganya kwamba baada ya hapo mambo yakawa asali. Eliamani alirudi nyumbani, lakini nguvu zake hazikurudi zote, na daktari alisema wazi: angewahishwa saa chache kabla, moyo usingeumia kiasi kile. Togolani anaishi na maneno hayo. Alihamishia godoro lake sebuleni kwa mdogo wake mpaka Mama Elisante aliporudi. Usingizi wake haukupona, bado anakesha. Siku moja walikwenda pamoja kaburini kwa mama, wakasimama, wakang'oa magugu, wakarudi wakisimama njiani kila mara Eliamani alipohitaji kuhema.

Sasa ni zamu yetu.

Sisi tunapenda kuomba, "Bwana, tufungue masikio." Kila Jumapili. Mimi leo nawaambia ukweli: masikio tunayo, na yanafanya kazi vizuri kupita kiasi. Tunajua nani amegombana na nani, nani amerudi usiku, binti wa nani amerudishwa kwao. Ya vichochoroni yote tunayasikia. Ila ndugu akigonga, ghafla tunakuwa viziwi! Mama anapiga simu, tunaitazama inavyoita mpaka inakatika, halafu kesho tunasema, "Ooh, mtandao." Rafiki anakuja anazungukazunguka na maneno, hataki kusema kwamba nyumbani hakuliki, na sisi tunaelewa tangu neno la pili, tunamwambia, "Haya, karibu tena." Mke anaugua kimya pembeni yako na wewe unasema amenuna. Paka hao! Kila mmoja wetu ana paka wake wa kumsingizia.

Na tukishasingizia tunaona kimya kimerudi, tunasema, afadhali, yamekwisha. Hayakwisha, mpendwa. Mtu anayeacha kugonga si lazima awe amepona. Huenda amekuona umekaa.

Kuna mtu uliyemwacha hivyo. Ninaposema sasa hivi, uso wake umekujia, wala hukuhitaji mimi nimtaje. Usinijie ofisini wiki ijayo kuniomba nikuombee. Usiseme yeye ndiye mdogo, yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye aliyeanza. Usitafute maneno mazuri, Togolani hakuwa nayo. Yeye alisema tu, nilijua ni wewe.

Nimemwambia mwalimu wa kwaya leo hatutaimba wimbo wa kufunga. Zile dakika za wimbo nawapa ninyi. Mlango ule pale uko wazi. Asiyekuwa na wa kumwendea abaki tukae naye. Wengine inukeni, tokeni, nendeni kwa huyo mtu kabla hamjafika nyumbani kula.

Mbona bado mmekaa?